Boriti ya Ghala la Nkoma

Robota la pamba lilimwangukia Salu, kijana wa kubeba mizigo, saa nne asubuhi, na kesho yake tukamzika. Jioni ya mazishi polisi walimchukua Mboje, fundi wa kuchomelea, kwa sababu ndiye aliyefunga boriti ya chuma iliyobeba winchi ya ghala letu la chama cha ushirika hapa Nkoma. Boriti ilishindwa na mzigo, na watu walisema alichomelea ovyo. Hesabu ya boriti hiyo nilipiga mimi. Hakuna aliyenitaja.

Siku ya tatu Mektilda, mke wa Mboje, alikuja kwangu akapiga goti, akaniamkia kwa Kisukuma kama babu yake.

"Mwangaluka, guku."

"Mwangaluka, mayu."

"Wewe umesoma. Niambie, mume wangu alichomelea vibaya?"

"Nitaangalia."

"Uangalie kwa macho yote mawili. Yeye anasema viungo vyake ni vizima, boriti yenyewe ndiyo iliyojisokota kama nguo inayokamuliwa."

Alipoondoka nilitoa daftari langu. Miaka ya themanini, huko Mwanza, nilibeba mizigo mchana na jioni nikasomea ufundi, na tangu hapo hakuna paa wala daraja la kijiji hiki lililojengwa bila kalamu yangu. Hesabu ya ghala ilikuwa imeandikwa vizuri. Lori haliwezi kuingia kwenye mlango ule, kwa hiyo vijana huliinua robota kisha hulivuta kando kuelekea nje. Nilikuwa nimeliona hilo. Uzito wa kwenda chini ulitumia sabini na moja katika kila mia ya nguvu ya boriti. Mvuto wa kwenda kando ulitumia hamsini na tatu. Kila moja haikufika mia, nami nikaweka alama mbili za vema.

Lakini boriti ilikuwa ni moja, na ilipindwa pande zote mbili kwa wakati uleule.

Nikafungua daftari la zamani la shule. Kichwa cha somo kilikuwepo, kwa mwandiko wangu: "Kupinda kwa pande mbili pamoja." Chini yake ukurasa ulikuwa mtupu. Wiki ile nilirudi nyumbani kuvuna pamba, nikaacha nafasi ili ninakili kwa mwenzangu. Sikunakili. Kwa miaka arobaini nimewaambia watu kwamba sikukosa somo hata moja.

Nilijumlisha. Mia na ishirini na nne.

Asubuhi nilimpelekea daftari Bundala, mwenyekiti wa chama. Alisoma huku akisogeza kidole.

"Sabini na moja. Hamsini na tatu. Mzee Luhaga, si wewe uliyetufundisha kwamba ikiwa chini ya mia inapita? Sasa hizi zimepita mara mbili!"

"Zinajumlishwa, Bundala."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mimi ndiye sikujua."

Alicheka, kisha akaniangalia kwa huruma. "Msiba wa Salu umekuchanganya. Nenda kapumzike, baba."

"Twende tukaiangalie boriti basi. Jinsi ilivyosokoteka itaonyesha."

"Boriti ipi? Tumeshaikata vipande, imeondoka na lori la vyuma chakavu. Pamba ilikuwa inangoja mlangoni."

Nilipanda gari hadi Bariadi, kituo cha polisi. Askari alinipa kiti, akaniita mzee wangu, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama nina cheti cha uhandisi. Nikamwambia nina cha shule ya jioni. Alinirudishia daftari kwa mikono miwili.

Nje nilimkuta Mektilda na bakuli la ugali alilomletea mumewe. Nilimweleza yote palepale, kwamba Mboje hana kosa, kwamba Salu ameuawa na hesabu yangu.

Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Ahsante, guku, kwa kutuhurumia. Lakini usijisingizie. Nani atakubali kwamba wewe umekosea?" Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Hata mimi sikubali. Basi ni yeye. Alichomelea ovyo."

Akaliacha lile bakuli kwenye ngazi za kituo, akaenda zake.