Meno ya Mama Mapazia

"Usinicheke kwa meno ya mwanao!" Mama Redio alikuwa amepandwa na hasira, ndoo mkononi, upande wake wa kamba ya kuanikia. "Hayo si yako. Nakujua tangu ukicheka umeziba mdomo kwa kiganja."

"Mdomo wangu, meno yangu," alijibu Mama Mapazia, akayatoa yote nje ili na majirani wa ghorofani wafaidi.

Kweli yalikuwa yamenyooka. Aliyefungwa waya wa kunyoosha meno ni binti yake wa miaka kumi na minne, miezi tisa sasa, lakini meno ya binti yalibaki vilevile, yamepandana, na ya mama ndiyo yaliyojipanga. Hilo mtaa mzima ulishalijua na kulichoka. Kilichobaki kubishaniwa ni nani avimbe nayo.

Binti hakuwahi kuomba waya. Akipiga mluzi kupitia pale yalipopandana, mbwa wa mtaa wa tatu walikuwa wakiitika. Mama ndiye aliyeona bango la kliniki akasema, "Mwanangu asije akaficha mdomo kama mimi." Tangu hapo mluzi hautoki, na nyama binti anaila kwa macho.

Daktari wa meno alikuwa mtu wa adabu. Kila mwezi alikaza waya mdomoni mwa binti, kisha akamgeukia mama.

"Inauma?"

"Haiumi, daktari."

"Safi kabisa." Akaandika: mgonjwa hana maumivu. Binti aliponyanyua mkono, daktari aliushusha taratibu, kama mtu anayefunga droo.

Siku ya ugomvi huo walikuwa na miadi. Daktari alichungulia mdomo wa binti, akachungulia tabasamu la mama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tunakwenda vizuri, mama. Yamebaki magego yako mawili. Mwaka na nusu hivi."

"Nifungueni basi," alisema binti, mate yakimchuruzika. "Yangu hayajasogea hata moja."

"Anasemaje?" daktari alimuuliza mama.

"Anashukuru."

Waliporudi, Mama Redio alikuwa mlangoni kwake, hasira zimeshapoa, harufu ya nyama ikimpita mabegani.

"Mwanangu umekonda! Njoo ule."

"Ameshiba," alisema Mama Mapazia.

Tumbo la binti lilinguruma. Wote watatu walilisikia. Mama Redio alimtazama binti, akamtazama mama, akasogea pembeni.

"Haya, pita wewe, shoga. Ina mifupa, tuone kama yanafanya kazi."