Mama Hapendi Miguu Iliyolowa

Kabla ya kufungua cherehani, fundi alikata vikonyo vichache kutoka kwenye lavenda, ule mmea wa harufu nzuri wa mama yake, uliokuwa ndani ya ndoo kuukuu kibarazani. Alichagua vile laini visivyo na ua, akakata chini ya kifundo, akapukusa majani ya chini, kisha akavichomeka kwenye kopo lenye mchanga mwingi na udongo kidogo. Shina la zamani lilikuwa limepasuka na kukauka kama kuni. Majani mabichi yalibaki upande mmoja tu.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mama alikuwa amefariki, na tangu wiki ya mazishi alikuwa akija kila alasiri kukaa kando ya ile lavenda. Ingekauka yote, hangekuwa na pa kujia.

Siku hiyo mama alikuja nywele zimepunguzwa upande wa kushoto.

"Umeninyoa kama mtu anayekimbizwa," alisema.

"Mkasi wa kitambaa huo, Mama. Haujazoea."

"Haya. Zitaota."

Fundi alimwagilia kopo asubuhi, mchana na jioni, maana alikuwa amefiwa na hakujua aifanyie nini mikono yake. Mama akaanza kuja pindo la gauni likichuruzika, viatu vikilia chwa, chwa. Mama mdogo, aliyeishi chumba cha pili, akatoka na tambara la kupigia deki.

"Dada, utanivunja kiuno na madimbwi yako."

"Mwambie mwanao huyu. Ananipenda mpaka ananizamisha."

Mama mdogo alipiga deki huku akieleza: Mmea huu asili yake ni vilima vya mawe na jua kali, kwenye nchi ambazo kiangazi hakina mvua. Unataka mchanga, mwanga, na kusahauliwa kidogo.

"Siwezi kumsahau," fundi alisema.

"Nani kakwambia umsahau? Weka jagi chini, basi."

Akaliweka. Vikonyo vingi vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi chini, vikaoza. Viwili vilibaki, vimesimama tu, havisemi kama viko hai au la. Lavenda ya kwenye ndoo nayo ilizidi kukauka, na mama akazidi kuwa mwembamba, hadi mistari ya ukuta ikaonekana kupitia bega lake. Alasiri moja hakuja. Wala iliyofuata. Fundi alishona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto, akalifumua, akalishona tena vilevile.

"Hata mwenye shati angekuwa na mikono miwili ya kushoto, hili lingembana," mama mdogo alisema, akamfumulia mshono taratibu.

Wiki hiyo ilipokwisha, fundi alishika kikonyo kimoja kwa vidole viwili akakivuta kidogo sana. Nacho kikamvuta: kilikuwa kimeshika mizizi.

Mama alikuja jioni hiyohiyo. Miguu yake, iliyovimba kwa miaka mingi ya kusimama kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, ilikuwa mizima, kama ya msichana. Alivuka kibaraza kwenda na kurudi, bila haja, kwa raha zake.

Kikonyo cha pili kiliombwa na shoga wa mama, aliyefanya naye kazi hotelini. Chumba cha kufulia kinanuka dawa ya madoa, alisema, na dirisha lipo. Kikahamishiwa kwenye kopo lake, kikapelekwa. Kikonyo si mtoto wa mmea, ni mmea uleule. Kwa hiyo kesho yake mama alikuwepo kote kuwili. Hotelini msimamizi alimkuta kwenye meza ya pasi. Alimwambia hairuhusiwi kufanya kazi bila aproni, akamletea aproni.

Baada ya mwezi fundi alikwenda kumtazama. Wanawake walipiga pasi wamesimama, mama katikati yao, kifundo cha mguu kimeanza tena kuvimba. Fundi alimwomba msimamizi kiti.

"Viti ni vya wageni," msimamizi alijibu bila ubaya. Na kwa kuwa mikono ya kazi ilikuwa imeongezeka, aliongeza mashuka.

Nyumbani fundi alimkuta mama ameketi, amenyoosha miguu yake mizima.

"Nikakitoe kile kikonyo, Mama? Hawabadiliki wale wa hoteli."

"Hawabadiliki. Lakini ukinitoa, yale mashuka atayanyoosha nani? Niache na wenzangu, kuna jua dirishani. Na mmoja wao anaolewa, we hujui. Ngoja nikusimulie."

Fundi alivuta kigoda karibu. Mama alisimulia, akaiga sauti ya bwana harusi, na mama mdogo akacheka huko chumbani kwake. Fundi naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Saa hiyohiyo, kule hotelini, mama alikuwa anakunja shuka, amesimama.