Folda Zapanda Mizani

Jana alasiri, kichwa nimekilaza juu ya meza ya chumba cha mitambo, niliota. Mimi ni fundi wa kompyuta katika redio moja ndogo ya Lushoto. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na bosi wangu, Bi. Rukia, alikuwa ameniagiza nifute folda ya marehemu Tabu, mtangazaji wetu, kabla ya kipindi cha saa kumi.

Ndotoni naandika amri ya kupima folda, du, kisha nabonyeza. Skrini inafunguka kama mlango. Anatoka mama mnene amebeba mizani.

"Du!" nashtuka.

"Abee," anaitika. "Nimpime nani?"

"Wote. Ila niandikie tarakimu zinazosomeka na binadamu."

"Umefanya vizuri kusema. Wengine walisahau, nikawajazia namba mpaka wakalia."

Chumba sasa ni ghala la kabichi. Folda zimepanga foleni. Matangazo, giga tatu. Muziki, giga arobaini, anadai mizani mbovu. Tabu anapanda kwa aibu. Mega kumi na mbili.

"Ndiyo wanifute kwa hizi?" anauliza, kwa sauti ileile ya taarifa ya habari.

Najumlisha. Haifiki hata moja ya kumi ya diski.

"Nani amebaki?" namuuliza Du.

"Mwenye nukta mbele ya jina amejificha, simwoni mpaka nitajiwe."

"Nukta Taka," namtaja.

Ukuta wa nyuma unapumua. Kumbe si ukuta, ni folda ya taka, yenye nukta kubwa kama sinia. Giga mia nne.

"Kila mlichofuta nilikimeza," inasema. "Hamkuwahi kunitapisha."

"Kuna chochote cha Tabu humo?"

Inajipapasa tumbo. "Hakuna."

"Basi tapika."

Inatapika, kwa adabu, bila kuchafua kabichi.

Bi. Rukia ananitikisa bega. "Shemsa, umeifuta?"

Naamka, natazama skrini. Diski ina nafasi tele. Folda ya Tabu ipo, lakini sasa ni mega kumi na tatu. Ndani kuna rekodi mpya, iliyoingia dakika mbili zilizopita, ya sekunde nne tu.

Tunaifungua. Ni Tabu, anasafisha koo kama alivyozoea kabla ya kuingia hewani.

Bi. Rukia anavuta kiti, anakaa.