Dole Gumba kwenye Karatasi

Mashine haikukosea, jamani. Mkosaji ni mimi na mafuta yangu ya mgando ya kupaka mikono.

Pale kiwandani mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye mkorogaji wa rojo la chaki linalopakwa kwenye karatasi. Mimi napima. Nabonyeza kila kipande kwa dole gumba kilale sawasawa, nawasha taa, na mashine inasoma mwanga unaorudi. Mpako mzuri una vitundu vya hewa visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukiingia humo unahangaika kama mgeni sokoni, unatawanyika na kurudi, nawe unaona weupe. Mwanga ukipenya, karatasi ni mbovu.

Asubuhi vipande vyote vilisoma vibovu. Nikapeleka majibu kwa meneja kifua mbele, nisije nikaambiwa nampendelea mjomba. Kabla ya mapumziko ya chai, mjomba akaambiwa akusanye vitu vyake.

Wakati wa chai nikainua kipande kimoja dirishani. Lo! Palipokaa dole gumba langu, mwanga ulipita waziwazi. Mafuta yalikuwa yamejaza vile vitundu. Na glavu zilikuwa mfukoni, mvivu mkubwa mimi! Nikanawa, nikazivaa, nikapima vipande vipya vya karatasi ileile. Nyeupe pee, haina kasoro. Nikatoka mbio kumtafuta.

Nilimkuta mjomba chumba cha kubadilishia nguo, anakunja aproni yake taratibu.

"Mjomba, subiri..."

"Usilie, mama. Umefanya kazi yako. Nisamehe kwa kukutia aibu mbele ya wenzako."

"Rojo lako halikuwa na..."

"Mwanzoni nilikataa," akanikatiza. "Nikawaka kwelikweli. Meneja aliponiambia aliyepima ni wewe, nikanywea. Nikamwambia kosa ni langu. Mimi naweza kukoroga vibaya, nazeeka bwana. Wewe hukosei."

Nilitamani ardhi inimeze. Mafuta yale alininunulia yeye, alipoona vidole vyangu vimepasuka kwa kuosha vioo vya mashine.

Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kwenye ofisi ya meneja, glavu ningali nimezivaa. Mlangoni akagoma.

"Usinitetee, mama," akaninong'oneza. "Mimi nitabaki kuwa mzembe, na wewe watakuita mwongo."

Nikabisha hodi.