Keria ya Fikirini

Mwaka themanini nilikuwa napeleka vyuma chakavu Ushirombo, kwa fundi Fikirini. Naviokota Geita, kwenye mabaki ya mgodi wa zamani, nafunga kwenye baiskeli, nasukuma kwa siku kadhaa. Nikifika, yeye anagonga kila kipande kwa nyundo ndogo, anasikiliza, halafu karibu nusu ananirudishia. "Hiki kimechoka," anasema. Basi. Siku moja nilimwambia hata mimi nimechoka. Akacheka, akanikaribisha uji, lakini chuma hakukichukua.

Alikuwa anatengeneza keria za baiskeli. Keria tu, nne kwa mwezi, akizidisha sana tano. Mafundi wengine walipaka zao rangi nyekundu zikameremeta. Yake ilikuwa nyeusi, imechomwa na kupakwa mafuta, kwa sababu alisema rangi inaficha nyufa. Bei yake ilikuwa mara mbili ya ile ya fundi Mabula wa Runzewe, na watu walinunua. Unakuta mtu ana baiskeli kuukuu, tairi viraka vitupu, lakini nyuma ina keria ya Fikirini. Mnadani kwa ng'ombe anasalimiwa kama mwenye mali.

Siri yake haikuwa siri, maana ilifanyika hadharani. Fikirini alikuwa mzito kama gunia la mahindi. Keria ikishafungwa, hapokei pesa kwanza. Anakaa juu yake, kanzu ameikunja magotini, kofia imenyooka kichwani, na mnunuzi anampakia kutoka karakana hadi sokoni, anazunguka kisima, anamrudisha. Mnunuzi anavuja jasho, wanawake wanamwuliza fundi leo amekula nini. Keria isipolia, wanalipana. Sikusikia hata moja ikilia. Na mpaka wakirudi, mji mzima umeshajua nani kanunua.

Halafu akaugua kisukari. Mkewe, Mwasiti, akawa anampimia chakula kama dawa. Kwa mwaka mmoja fundi akanyauka, kanzu ikabaki inamning'inia. Keria zilikuwa zile zile. Lakini Mabula akatoa neno huko Runzewe, nalo likatufikia kabla ya msimu wa pamba: "Keria ya Fikirini siku hizi inabeba kanzu tupu." Watu wakacheka, na waliocheka wakanunua nyekundu. Mwezi wa saba keria saba zilikuwa zinaning'inia ukutani. Nilikuwa sijawahi kuona pale hata mbili.

Nikamwambia, "Fundi, punguza bei. Msimu huu tu."

"Nikipunguza, walionunua mwaka juzi nitawaambia nini? Kwamba niliwaibia?"

"Basi tengeneza nyingine za bei ndogo. Nyembamba kidogo."

"Wewe ukiikuta njiani imevunjika, utauliza ilikuwa ya bei gani? Utasema ni ya Fikirini."

Mwasiti alikuwa mlangoni anachambua mchele. "Mwache," akaniambia. "Mimi namwambia miaka kumi na minane sasa, hajapunguza hata kelele za nyundo."

Wiki ile akaja Maige, mkulima wa Kharumwa, mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka mbali."

"Kharumwa. Nimelala njiani. Mzee wangu alinunua kwako, mpaka leo inabeba." Akazishika zile za ukutani, akazitikisa moja moja. "Ila baba, usinichukie. Mzee wangu alipewa keria iliyopimwa kwa uzito wako. Uzito umepungua. Na bei je?"

Waliokuwa wanangoja zamu kwa kinyozi jirani wakaangua kicheko. Mimi nikatazama chini, maana swali lile lilikuwa la haki.

Fikirini akaenda ukutani. Akachukua keria moja, akaifunga kwenye baiskeli ya Maige, akakaza nati zote. Kisha akaenda kwenye gogo lililoshika fuawe lake. Fuawe lenyewe, analofulia chuma, lilikuwa kipande cha reli, na ili lisogee lilitaka watu wawili.

"Shika huku," akaniambia.

Akakaa kwenye keria, kanzu magotini, kofia imenyooka. Mimi na mmoja wa wale wa kwa kinyozi tukampakatisha fuawe juu ya gunia lililokunjwa.

"Baba, baiskeli yangu," Maige akasema.

"Baiskeli hukununua kwangu. Twende."

Sokoni hakuna aliyeuliza fundi kala nini. Watu waliacha biashara zao wakasimama. Maige alikanyaga pedeli huku meno ameyauma, akafika kisimani, na pale penye mawe, alipokata kona, gurudumu la mbele likanyanyuka kama beberu. Wote wakaenda chini. Fuawe likazama kwenye tope. Fikirini akabaki amekaa kwenye maji yaliyomwagika kando ya kisima, muundi unatoka damu, na watu wakakimbilia kumwinua.

"Niacheni," akasema. "Tazameni keria kwanza."

Tukaitazama. Spoki za nyuma zilikuwa zimekatika, rimu imepinda. Maige akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila ribiti. Fundi cherehani mmoja akaleta rula yake ya mbao, akailaza juu ya keria, akainama kuchungulia chini yake. Mwanga haukupenya.

Maige akatoa pesa pale pale, bei kamili. Fikirini akazipokea kwa mkono wa tope.

"Rimu nitakunyooshea mimi, na spoki nitakutafutia," akamwambia. "Nimeanguka mimi, keria haikuanguka."

Zile sita zilizobaki hazikuuona mwezi wa tisa. Kuanzia siku ile lilipakiwa fuawe peke yake, limefungwa kwa mipira ya tyubu, na Fikirini akitembea nyuma yake na fimbo, pole pole, kama anasindikiza mgeni.

Msimu uliofuata akapandisha bei. Nilipomwuliza sababu, hata hakuinua uso.

"Fuawe ni zito kuliko mimi nilivyokuwa," akasema, akaendelea kugonga vyuma nilivyomletea. Nusu akanirudishia.