Salamu za Romanus

Mume wangu Romanus, karani wa bomani, alianza kusalimia watu kupita kiasi. Kila Jumapili tulipopanda kilima kwenda kanisani, alimsimamisha yeyote aliyemwona, akamuuliza habari za watoto, za ng'ombe, za kahawa. Mimi nilisimama kando nimenuna, misa inatupita.

Juzi alizimia kazini. Daktari Mwingereza akatuonyesha picha ya eksirei. Mishipa inayoupelekea moyo damu, alisema, imeshika chokaa ndani na njia imekuwa nyembamba. Kwenye tambarare damu inatosha. Akipanda mlima haitoshi, kifua kinabana mpaka asimame.

"Kikimbana kwenye tambarare, mrudishe upesi."

Tulipotoka nilimgeukia. "Kumbe ndizo zile salamu, Baba Kandida?"

"Ningekwambia, ungelala?"

Tulishika barabara ya Daraja Mbili, sehemu iliyo tambarare, nikitembea polepole kwa makusudi. Hatukufika mbali. Romanus akasimama, akavua kofia.

"Habari za asubuhi," akasema. "Watoto hawajambo?"

Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Barabarani hapakuwa na mtu.