Hakuna Aliyelala na Njaa

Baba wa babu yangu alikuwa amiri wa jeshi lililovuka milima na kurudi na ushindi. Babu yangu alikuwa hakimu. Hata aliowafunga walimsalimu kwa heshima walipotoka. Baba yangu alikuwa mkaguzi wa shule, nami nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu, na sijapata kuchelewa kazini. Katika ukoo wetu kuna kauli ambayo mtoto huijua kabla hajajua kuhesabu: katika msafara wa amiri, hakuna aliyelala na njaa. Husemwa harusini, husemwa msibani.

Mjukuu wangu wa kwanza, binti wa mwanangu mkubwa, aliugeuza msafara huo kuwa mchezo wa kompyuta. Si mchezo wa kukimbizana na kufyatuliana risasi. Mchezaji hutazama ramani ya milima, hupanga vikosi, hungoja mvua ikatike, hufikiri, na baada ya saa nzima huwa amesogea bonde moja. Wapendao jambo la namna hiyo wapo, lakini wametawanyika kama mtama uliomwagika njiani, na kuwaokota ndiyo kazi. Aliifanya kazi hiyo katika chumba changu cha mbele, juu ya meza niliyosahihishia mitihani, pamoja na binamu yake tunayemwita Kasuku kwa sababu ndiye msemaji. Kampuni ya bima alikoacha kazi ilikuwa imemwekea kiti chake hadi mvua ziishe. Mchezo usipopata watu wa kutosha wanaojiandikisha kuusubiri kabla ya hapo, angerudi kugonga mihuri.

Fedha za matangazo hazikuwapo. Waliviandikia vyama vya wapenda historia. Waliwapelekea nakala wale vijana wanaocheza mtandaoni huku wakizungumza. Mmoja aliujaribu kidogo, akapiga miayo, akahamia mchezo wa magari.

"Tunampigia mbuzi gitaa," alisema Kasuku. "Tunataka neno moja la kumshika mtu shati."

Mjukuu wangu alinitazama. Niliwapa kauli ya ukoo, nikaitamka polepole ili waiandike bila kosa. Waliiweka chini ya picha ya amiri na kuitangaza Jumatatu asubuhi.

Jumanne saa tisa alasiri wapagazi walifika.

Walisimama kwa mstari kuanzia mlangoni kwetu hadi duka la dawa, matope magotini, vichwani ngata zisizo na mizigo. Walikuwa wamekufa katika safari ile ile, na ilionekana. Aliyetangulia alikuwa mnyapara wao, mtu mfupi mwenye jino moja la mbele. Alipangusa miguu kabla ya kupiga hodi.

"Shikamoo, babu," alisema mjukuu wangu.

"Marahaba, binti. Tumesikia kwamba hapa hakuna anayelala na njaa. Tumekuja kula."

Mjukuu wangu alipika maharage yote yaliyokuwamo nyumbani, akaagiza na mikate. Walikula kwa adabu, wakamaliza, wakabaki na njaa ile ile. Mnyapara alieleza kuwa si kosa la mpishi. Njaa yao ilikuwa ya kule milimani, na shibe yake hupatikana kule kule. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta, palipokuwa na ramani.

"Sisi tuko wapi humo?"

Mjukuu wangu alimwonyesha tarakimu pembeni mwa kioo, chini ya picha ya gunia.

"Hiki kinamba ndicho sisi?"

"Ndiyo, babu."

"Kinakula nini?"

"Hakili."

Mnyapara alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi hujakosea kitu, mwanangu. Umetengeneza kama ilivyokuwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimkumbusha, kwa heshima, kauli ya ukoo wetu.

"Ni kweli, mwalimu," alinijibu. "Waliohesabiwa wote walikula. Sisi tulihesabiwa pamoja na mizigo."

Wenzake waliitikia kwa vichwa, bila chuki, kama watu wanaokubaliana kuhusu hali ya hewa.

"Nitawalisha," alisema mjukuu wangu. "Nipeni muda kidogo."

"Muda tunao. Ila kukaa bure ndiko hatujui. Hamna mzigo hapa?"

Kasuku hajapata kukosa jibu. Aliwapa mabango ya mchezo.

Tangu hapo walipita mjini kila alasiri, mabango juu ya ngata, mnyapara mbele. Askari wa barabarani aliwasimamishia magari. Kinyozi alilalamikia matope. Watu waliwapiga picha, wakawatumia jamaa zao, na jamaa zao wakauliza ni mchezo gani huo. Waliojiandikisha kuusubiri waliongezeka hata Kasuku akasahau chakula cha mchana.

"Hii ndiyo bajeti ndogo, babu," aliniambia. "Hawadai hata maji."

"Umewauliza?"

"Sasa nikiwauliza, si watasema?"

Mjukuu wangu alitimiza ahadi. Katika toleo jipya mpagazi alikula kama askari, na asipokula aliketi chini. Siku hizo chache wapagazi walichelewa kufika kwetu, wakitoka kula, na mnyapara alianza kuota shavu. Lakini katika watu waliopewa toleo hilo walijaribu, hakuna aliyevuka milima. Waliowalisha wapagazi waliishiwa chakula kwenye bonde la pili. Waliowanyima waliachwa njiani na mizinga yao, bila wa kuibeba. Wote waliandika jambo moja: mchezo ni mzuri, ila wapagazi wanakula mno.

"Dada, chagua," alisema Kasuku. "Wale wao nawe ukagonge mihuri, au wakose wao ubaki hapa."

"Niliwaahidi."

"Wamekwisha kufa, dada. Wewe bado unakula."

Mjukuu wangu aliitazama ramani mpaka chai yake ikapoa. Kisha alikirudisha kinamba mahali pake.

Mchezo ulitoka, nao ulipendwa. Wapenda historia waliusifu kwa uaminifu wake. Kauli yetu ilibaki chini ya picha ya amiri, kwa kuwa ndiyo iliyowavuta watu, na kampuni ya bima ilimpa mtu mwingine kile kiti. Mjukuu wangu alitoka nje mwenyewe kumweleza mnyapara.

"Tunajua, binti," alisema yule mzee, mashavu yakiwa yamekwisha kubonyea. "Tumbo halingoji kuambiwa. Mabango ya leo yako wapi?"

Hadi leo wapagazi hupita saa tisa. Mjukuu wangu huwawekea mikate mlangoni. Wao huipandisha kichwani, huifikisha mwisho wa barabara, na kuipanga vizuri kama mali ya mtu mwingine. Katika harusi ya juzi, mdogo wangu alisimama akaitamka kauli ya ukoo, na wageni wakapiga makofi. Wapagazi walikuwa wakileta viti. Hakuna aliyewaajiri.

Basi nyinyi vijana wa ukoo huu, na wa koo nyingine, nisikilizeni, maana sina desturi ya kurudia. Mkiambiwa kwamba wote walishiba, ulizeni kwanza ni nani aliyekuwa akihesabu, na alianzia wapi. Kisha wekeni chini hizo simu, mtoke nje mkawapokee mizigo. Ni saa tisa kasorobo, na wale ni wazee wenu.